Kijana wa Migori na Homa Bay, nafasi hizi si za Pwani peke yake



Tukitaja tu mambo ya wanafunzi kubadilishana na nchi za nje, mtu anasema, "hayo waachie Mombasa." Sawa, Mombasa na Seattle ni miji dada tangu 1981. Lakini ile ndege ya 1959 iliyopeleka wanafunzi 81 Marekani ilipangwa na nani? Tom Mboya, mtu wa Rusinga, hapa hapa Homa Bay.

Programu ya YES ya Marekani ilianzishwa 2002, mwaka mmoja baada ya Septemba 11, hasa kwa ajili ya nchi zenye Waislamu wengi, na Wakenya wameenda. Mwanafunzi wa sekondari anakaa na familia ya huko mwaka mmoja wa masomo.

Wazazi wanaogopa mtoto atarudi bila dini. Mimi sioni hivyo. Huku kwetu tumeshazoea kuwa wachache darasani, kila Ramadhani tunaeleza upya kwa nini hatunywi hata maji. Nani basi yuko tayari kuliko sisi?

Kinachotukwamisha ni karatasi. Pasipoti inataka cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha mzazi, na bado kuna watu wanaozungushwa kwa sababu ya jina la Kiislamu, eti babu yako alitoka wapi. Ibara ya 27 ya Katiba inakataza ubaguzi wa dini. Ukizungushwa, andika tarehe, ofisi na ulichoambiwa, utuletee tufuatilie. Na usingoje tangazo litoke ndiyo uanze kutafuta cheti.