Simba, Mzimu na Kidole cha Mpiga Ramli



Wapo wazee wenzangu huku Mbaha, mwambao wa Ziwa Nyasa, wanaosema kwamba sheikh aliyepita miaka sitini hana haja na hadithi za upelelezi, wala na kitabu cha mwindaji wa Kizungu anayesimulia simba aliowaua. Kwao huo ni upuuzi wa kupotezea umri. Mimi vitabu hivyo nimevisoma, na nililolipata humo nitalisema wazi, amchukize atakayechukizwa: kijana anayemfuata Bwana Msa ukurasa kwa ukurasa yuko karibu na sharia kuliko mzee mwenye tasbihi mkononi anayekwenda kupiga ramli ili aambiwe ni nani aliyemuua mwanawe.

Hebu tuanze na huyo Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alimtoa hadharani katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapwa mwaka 1960 baada ya kushinda mashindano ya uandishi ya East African Literature Bureau. Tajiri anakutwa ameuawa mahali pa mizimu. Watu wengi wangetosheka na jawabu lililo karibu: mzimu umemchukua mtu wake, basi. Bwana Msa, kiko mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni, hatosheki. Anauliza maswali ya mtu mwenye akili: Nani alimwona marehemu mara ya mwisho? Nani anafaidika na kifo hiki? Je, maneno ya huyu yanapatana na ya yule? Mwandishi hakumtukana mtu kwa imani yake. Amekataa tu kwamba hofu iwe shahidi. Akaendelea na mwendo huo katika Kisima cha Giningi, mwaka 1968. Na nani wa Unguja asiyejua kwamba Giningi ni jina la kutishia watu kwa habari za wachawi?

Sikuvipenda vyote sawasawa. Willy Gamba wa Elvis Musiba, katika Kufa na Kupona (1974) na Kikosi cha Kisasi (1979), yuko upande wa Afrika inayotaka kujikomboa, na hilo ni jema. Lakini pombe na wanawake vimepambwa mno, na bastola hutangulia pale ambapo swali lingetosha. Msomaji hushangilia maiti kabla hajaelewa kosa lake. Mwanafunzi wangu akiniuliza, nitampa Bwana Msa, na huyu wa pili nitamwambia amsome akiwa macho.

Sasa njoo kwenye kitabu cha wanyama. George Rushby, Mwingereza, aliwinda pembe za ndovu kwa wizi kabla ya kuwa ofisa wa wanyamapori wa serikali ya kikoloni ya Tanganyika. Kumbukumbu zake zilitoka London mwaka 1965 kwa jina la No More the Tusker. Kama wengi wa aina yake, yeye ndiye shujaa wa kila safari. Lakini humo imo habari inayotuhusu, maana ni ya Njombe, na Njombe ni jirani yetu: vuka Mto Ruhuhu, panda milima, umeingia.

Tangu mwaka 1932 hivi mpaka 1947 simba walikula watu katika nyanda za Njombe, kwa miaka kama 15. Waliokufa wanakisiwa kufika 1,500. Watu waliamini kwamba hawakuwa simba wa kawaida, bali wametumwa na mganga mmoja, Matamula Mangera, aliyelipiza kisasi kwa kuondolewa katika cheo chake. Rushby na askari wake wakaingia porini, wakawaua simba 15, na mauaji yakakoma. Hata hapo wapo walioshikilia kwamba yamekoma kwa sababu Matamula amerudishiwa cheo.

Na sababu ya simba kugeukia watu? Inayotajwa sana ni hii: katika vita dhidi ya sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, serikali iliwaua kwa wingi wanyama wa porini. Simba akakosa swala, akamwona mkulima. Tafakari basi, ndugu yangu. Serikali iliharibu chakula cha simba, kisha ikachelewa kuwalinda raia. Na raia, badala ya kuidai haki yao, walikuwa wakimwogopa mganga. Imani ya simba wa kutumwa haikumwokoa hata mtoto mmoja. Ilimsaidia mganga, akazidi kuogopwa, na ikaisaidia serikali, isiulizwe.

Najua jawabu la wapinzani wangu. Watasema, “Sheikh, unakanusha sihiri, na sihiri imetajwa katika Qur'ani?” Sikanushi. Imetajwa katika Suratul Baqara, na katika Suratul Falaq tunafundishwa kujikinga nayo kwa Mola wetu. Lakini kuwapo kwa sihiri ni jambo moja, na kwamba bibi fulani wa nyumba ya tatu ndiye aliyeitenda ni jambo jingine kabisa. Wizi nao upo duniani. Je, mbuzi wako akipotea itatosha kumfunga jirani kwa kuwa wizi upo? Suratul Hujuraat inatuamrisha tuichunguze habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga, na sura hiyo hiyo inatukataza dhana mbaya. Kadhi anajua kwamba ushahidi ni juu ya anayedai. Na Mtume (s.a.w.) ametuonya kwamba anayemwendea mpiga ramli akamwuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku arubaini. Ni nani basi anayeifuata dini hapa: anayedai ushahidi, au anayenunua jina la mchawi kwa fedha?

Nasema kununua, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Mamba akimkamata mtu pale Ruhuhu, au mtumbwi ukipinduka kwa upepo wa kusini, huulizwa ni nani aliyemtuma mamba au upepo, kabla ya kuulizwa kwa nini watoto wanateka maji mahali penye mamba. Ndugu wanachangishana, wanakwenda kwa mtu asiyewajua, naye huwatajia “mtu wa karibu, mzee, hamwelewani naye”. Ni kijiji gani kisicho na mtu kama huyo? Mara nyingi huwa ni mjane mwenye macho mekundu. Macho hayo, enyi waja wa Mungu, yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni aliowapikia ninyi! Usukumani wanawake wengi wazee wamekatwa mapanga kwa dalili kama hiyo.

Sheria ya nchi inajua hatari hii. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inamtia hatiani anayemsingizia mwenzake uchawi. Mwezi Januari 2015, baada ya mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino, serikali ilipiga marufuku wapiga ramli. Mwanzoni mwa 2019 watoto waliuawa huko huko Njombe, na viongozi wakataja imani za kishirikina. Simba wa Rushby wamekwisha zamani. Ramli bado inakula watu.

Basi nawaambia maimamu wenzangu: mchango wa kumleta mpiga ramli usikusanywe mlangoni pa msikiti, wala asipewe dua ya kufungulia kazi yake. Nawaambia wenye watoto: jengeni uzio wa miti imara mahali pa kutekea maji, daini kisima, na mamba akionekana mpelekeeni habari ofisa wa wanyamapori siku hiyo hiyo. Aliyefiwa kwa mnyama aende akadai kifuta machozi serikalini, kwa maana kanuni yake ipo tangu 2011. Na wewe kijana, soma Bwana Msa wako bila kujificha. Siku watakapokuja kukuambia kwamba bibi yule ndiye aliyemtuma mamba, waulize kama yeye angeuliza: nani aliona, na ushahidi uko wapi? Wakikosa jawabu, simama mlangoni pa bibi huyo, usiwapishe.

Wabillahi tawfiiq.