Fedha ya kahawa isiishie kwenye kadi ya grafiki

Msimu wa kahawa unapofungwa na malipo kutoka, wapo vijana wa kata kama Kamuli, wilayani Kyerwa, wanaotafuta mradi nje ya shamba. Mmojawapo ni chumba cha gemu. Baadhi yao hawataki tena PlayStation, bali kompyuta ya kuunganisha wenyewe, kipuri kwa kipuri.

Safu hii haipingi mradi huo. Tatizo ni mpangilio wa manunuzi. Mnunuzi huanza na kadi kubwa ya grafiki kwa sababu ndiyo inayosifiwa, kisha chenji inayobaki hununulia pawa saplai na kinga ya umeme. Kwa mfanyabiashara wa Kamuli, hiyo ni hesabu ya kichwa chini miguu juu.

Sababu ya kwanza ni umeme. UPS ndogo ya VA 650 hubeba takriban wati 360 tu. Kadi kubwa za grafiki peke yake hufikia wati 300 au zaidi. Maana yake, ukinunua kadi hiyo utalazimika kununua pia pawa saplai kubwa na UPS kubwa, na bili ya luku itapanda kila siku ya kazi. Sababu ya pili ni umbali. Pawa saplai ya bei ya chini ikiungua inaweza kuondoka na mazabodi, na kipuri kingine kitasubiriwa kutoka Mwanza au Kariakoo. Siku zote hizo chumba kimefungwa, lakini pango linadaiwa.

Ushauri wetu ni huu. Anza na prosesa yenye grafiki ndani yake, mfano Ryzen 5 5600G iliyotoka 2021, ambayo imepangiwa wati 65. Gemu za mpira na GTA V zitachezeka kwa mpangilio wa chini au wa kati. Weka RAM mbili za GB 8 badala ya moja ya GB 16, kwa kuwa grafiki ya aina hii hutegemea RAM, na mbili zikifanya kazi pamoja huipa kasi zaidi. Kisha weka diski ya SSD, pawa saplai ya kampuni inayojulikana, na UPS. Mazabodi ya soketi ya AM4 itapokea kadi ya grafiki baadaye, mradi utakapoilipia wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

Wapo watakaosema wateja wanataka picha kali. Kama mteja wako ni wa mpira peke yake, PlayStation 4 iliyotumika inatosha na haina haja ya fundi. Faida ya kompyuta ni kuwa asubuhi inachapa barua, inatoa picha za pasipoti na kuhariri video za harusi, na jioni inacheza gemu. Mtaji mmoja, mapato mawili.

Tahadhari tatu za soko. Kwanza, vitu vilivyotumika. Microsoft ilisitisha huduma kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za ofisi zenye prosesa za Intel za kabla ya kizazi cha 8 hazikubaliki rasmi katika Windows 11. Ukiuziwa moja kwa bei ya kutupa, fahamu kwamba nyingi zina pawa saplai ya umbo na plagi za pekee, isiyopatikana kila duka. Kadi za grafiki nazo ziulizwe historia: Ethereum ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, kadi nyingi zilizofanya kazi usiku na mchana ziliingizwa sokoni.

Pili, mpaka. Murongo uko wilayani humo humo, na Kampala ina maduka. Lakini utaratibu rahisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 ni wa bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama. Prosesa iliyotengenezwa Asia haimo, hata ukiwa na risiti ya Kampala. Pita forodhani, weka gharama hiyo kwenye hesabu, na ukumbuke kuwa dhamana ya duka la Kampala hudaiwa Kampala.

Tatu, bei ya RAM. Mwishoni mwa 2025 ilipanda kwa kasi, kwa kuwa viwanda vilielekeza uzalishaji kwenye mitambo ya akili bandia. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kujiondoa katika biashara yake ya rejareja ya Crucial. Orodha ya bei ya mwaka jana haifai. Pata bei za maduka matatu katika wiki moja ndipo ulipe.

Kahawa hulipa kwa msimu, mashine hulipa kwa saa. Kwa hiyo, kabla ya kununua kipuri chochote, mwenye mtaji ajiulize kitaongeza saa ngapi za kazi. Kadi ya grafiki ikishindwa kujibu swali hilo, ibaki dukani hadi msimu ujao.