OILI YA GIA IKIUNGUA, ASILIPISHWE DEREVA

Ndugu wafanya kazi,

Dereva wa pikapu ituchukuayo sisi watu wa njia ya reli ameambiwa mshahara wake utakatwa, kwa kuwa giaboksi iliungua kwenye mlima wa Mai Mahiu. Sisi tulikuwa ndani ya gari hiyo. Tuliyaona kwa macho yetu, na hatutanyamaza.

Pikapu hiyo ni ya gia otomatiki. Ilitoka kiwandani gari ya kawaida. Kisha tajiri akaiinua, akatia magurudumu makubwa, akajenga kibanda cha chuma nyuma, na kila asubuhi ikafungiwa trela ya vyuma na majeki. Giaboksi ikabaki ile ile.

Sasa sikizeni. Gari ya namna hii haina klachi ya mguu. Nguvu ya injini hupita katika kombe lililojaa oili. Mzigo ukiwa mzito na mwendo mdogo, oili husukwasukwa humo na nguvu nyingi hugeuka joto. Gurudumu kubwa huongeza taabu, maana ni kama kupanda mlima kwa gia ya juu. Joto la kawaida la oili hiyo ni digrii 80 hadi 95 hivi za sentigredi. Likipita 120, oili huharibika upesi: wekundu wake hugeuka kahawia, hunuka kuungua, na gia huteleza. Nasi wa reli twajua kwamba ekseli ya behewa hupata moto kwanza, ndipo ivunjike. Mwenye kupuuza moto asishangae ajali.

Dawa ipo. Tajiri atie kipozeo cha oili cha ziada mbele ya rejeta, atie geji ya joto, abadilishe oili mapema, tena apunguze mzigo. Gharama yake ni ndogo kuliko giaboksi mpya.

Nasi madereva tuna wajibu wetu. Mlimani tia gia ya chini. Usiishikilie gari kwa mafuta pale mteremkoni, tumia breki. Ukisikia harufu ya kuungua, simama mahali pa salama, tia gia ya kuegesha, uache injini ingurume polepole, kwa sababu ndiyo iendeshayo pampu ya kupitisha oili kwenye kipozeo. Lakini oili ikivuja, ukiona moshi, au maji ya rejeta yakichemka, zima mara moja.

Kisha andika katika daftari la gari: tarehe, mahali, mzigo. Dereva wetu alisema kwa mdomo mara tatu, wala hakuandika. Leo msimamizi asema hakusikia kitu.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yaruhusu kukata mshahara kwa mali iliyoharibika kwa kosa la mfanya kazi la kukusudia. Je, dereva ndiye aliyetia magurudumu yale? Ndiye aliyefunga trela? Aliyeibadili gari ndiye ajibu.

Twamwomba katibu wa tawi alichukue jambo hili kabla ya siku ya mshahara. Nasi tuliokuwa nyuma ya pikapu tutakuja kushuhudia, sote, kwa majina yetu. Leo ni yeye. Kesho ni wewe.

Ndugu zenu wa genge la njia ya reli.