Wewe ungeuza zamu ya kesho?

Sauti yangu imekauka. Jumamosi nilibishana mpaka koo likauma, pale kwenye banda la gemu jirani na stendi ya Babati. Aliyenichokoza ni dogo mmoja fundi simu, ambaye anacheza gemu ya kikapu utadhani analipwa mshahara.

Siku hiyo hakutaka kuwa mchezaji, alitaka kuwa bosi wa timu. Kaichukua Memphis, kaanza kuuza zamu zake za drafti. Niwaweke sawa wale wasiofuatilia: siyo ile drafti ya kete wanayocheza wazee. Katika ligi ya NBA kule Marekani, kila mwaka timu hupokezana kuchagua vijana wapya, raundi mbili tu, na zile zilizoboronga msimu uliopita ndizo hupata nafasi kubwa ya kuchagua mwanzo. Zamu hiyo ni mali. Unaweza kuiuza hata ya miaka mitano ijayo, wakati huyo kijana utakayemchagua bado yuko shule ya msingi anapiga deki darasa.

Dogo akauza zamu ya raundi ya kwanza ya mwaka unaokuja. Akataka kuuza na ya mwaka unaofuata, gemu ikagoma. Akaipiga padi kofi.

"Hii mashine mbovu!"

Si mbovu, bwana. Sheria ipo kweli, na watu huiita kwa jina la Ted Stepien, tajiri aliyeimiliki Cleveland mwanzoni mwa miaka ya 1980. Bwana huyo aliuza zamu za raundi ya kwanza kama anauza karanga. Dallas walizipokea kwa furaha. Moja ikawapatia Sam Perkins mwaka 1984. Ligi ikaona huyu ataiua timu, ikapiga marufuku timu kubaki bila zamu ya raundi ya kwanza kwa miaka miwili ijayo mfululizo. Fikiria mwenyewe, mtu mzima na pesa zake anatungiwa sheria ya kumlinda asijimalize.

Mimi nikamwambia dogo aache kuuza. Akanijibu, "Kesho ya nani, kaka? Mimi nataka kombe leo." Banda likagawanyika. Mwenye banda akafurahi, maana soda zilinunuliwa.

Mimi kwenye mambo haya nina kidonda, na kidonda chenyewe kinaitwa Hasheem Thabeet. Mnamjua. Kijana wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA. Mwaka 2009 Memphis walikuwa na zamu namba mbili wakamchukua yeye. Namba tatu akaenda James Harden. Namba saba Stephen Curry. Simsemi vibaya ndugu yetu, kufika pale tu ni kazi ambayo wengi wetu hatutaiweza hata kwa ndoto. Ninachosema ni kwamba hata zamu ya dhahabu ni bahati nasibu, siku ya kuchagua hakuna anayejua.

Halafu Februari 2011 Memphis wakamfunga Thabeet kwenye furushi. Yeye, DeMarre Carroll na zamu ya raundi ya kwanza ya mwaka 2013, vyote kwenda Houston. Wao wakapewa Shane Battier na Ish Smith. Nilikuwa shule ya msingi, na habari iliponifikia nilinuna siku mbili. Mtu wetu anatolewa pamoja na nyongeza! Yaani kama unauza baiskeli halafu unamwongezea mnunuzi pampu ili akubali kuichukua.

Lakini nimekua, nimeangalia tena. Memphis ya wakati ule ilikuwa imeiva. Zach Randolph yupo, Marc Gasol yupo, Mike Conley yupo, Tony Allen yupo. Rudy Gay alikuwa ameumia bega, kukabaki pengo moja pembeni, na Battier, mzee wa kazi, aliingia kwenye pengo hilo. Aprili 17, 2011 walikuwa ugenini kwa San Antonio, timu iliyoongoza kanda yao. Zikiwa zimebaki kama sekunde 24 Battier akatupa ya pointi tatu, ikaingia. 101 kwa 98. Kabla ya hapo Memphis walikuwa wamecheza mechi 12 za mtoano katika historia yao na kupoteza zote 12! Wakawatoa San Antonio kwa mechi nne kwa mbili. Na ile zamu waliyoitoa? Ilizunguka mikononi mwa watu, mwaka 2013 ikaja kuwa namba 26, akachukuliwa André Roberson. Mchezaji mzuri wa kukaba, basi. Battier mwenyewe aliondoka mwaka huohuo kwenda Miami, lakini mimi sioni kama Memphis waliibiwa.

Sasa wageukie Brooklyn. Mwaka 2013 walitaka kombe la harakaharaka. Wakawachukua Kevin Garnett na Paul Pierce kutoka Boston, miguu imeshachoka, wakalipa zamu za 2014, 2016 na 2018, na ruhusa ya kubadilishana ya 2017. Kombe hawakuliona. Boston kwa zamu hizo wakampata Jaylen Brown, na ile ya 2017 iliyogeuka kuwa namba moja wakaizungusha mpaka wakampata Jayson Tatum. Mwaka 2024 hao wawili wakabeba kombe. Unalala njaa, jirani anavuna shambani kwako.

Na hapa ndipo mjadala uliponigusa pabaya, maana Babati biashara hii tunaifanya bila kikapu. Kule Kagera wanaiita butura, kahawa inauzwa ikiwa bado maua mtini. Sisi kwetu Magugu, njia ya Arusha, ni mpunga. Mnunuzi anakuja ukiwa bado kijani, anatembeatembea kwenye majaruba, anataja bei, pesa taslimu mkononi. Serikali inakataza, watu wanashauri usiuze, sawa. Lakini waulizeni wakulima wa mbaazi. Agosti 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi za kuingia nchini mwake, bei huku ilianguka mpaka watu wakaziangalia tu. Aliyekuwa ameuza mapema alicheka peke yake.

Mwaka niliokuwa kidato cha tatu, baba aliuza mpunga wa eka mbili ukiwa kijani ili nikae hosteli nisitembee mbali. Kufika mavuno bei ikapanda. Na mimi nikatoka na divisheni foo. Baba hajawahi kunisema hata siku moja, na ndiyo maana siku nyingine nashindwa kumtazama usoni akinisimulia bei ya mchele. Mimi ndiye Garnett wake.

Sasa Jumapili, sauti haijarudi vizuri, simu ikaita.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Sikiliza, yule mnunuzi amekuja tena."

Mdogo wangu wa kike amepata nafasi chuo cha uuguzi. Huyu siyo mimi. Baiolojia na kemia alizifaulu vizuri, na pesa ya kuanzia imepungua kidogo tu. Baba anataka kuuza mpunga wa eka zote mbili, amalize kabisa, asiwe na wasiwasi. Kaka yangu mkubwa anasema asiuze hata jaruba moja, tukope.

Nikamwuliza baba pengo ni kiasi gani hasa. Akanitajia. Nikapiga hesabu kwenye karatasi ya gazeti: mpunga wa eka moja unaliziba.

"Baba, uza eka moja. Ile nyingine usiiguse hata akikuongezea."

Akanyamaza. Nikajua anaiwaza ile hosteli yangu, au labda ni mimi tu niliyekuwa naiwaza.

"Eka moja," akasema. "Haya. Alhamisi anakuja, na wewe uwepo."

Nitakuwepo. Dogo wa gemu naye ananidai marudiano. Nasikia zamu zilizobaki kashauza, Memphis yake imejaa wazee na imetolewa raundi ya kwanza. Tukutane wiki ijayo.