Seli shina: Tiba inayopakana na saratani

MATANGAZO ya kliniki za ng'ambo zinazodai kutibu takriban kila maradhi kwa kumdunga mgonjwa seli shina yamewavutia wengi waliokata tamaa. Yasichokisema ni kwamba uwezo unaozifanya seli hizo kuwa tumaini la tiba ndio unaoipa saratani nguvu.

Seli nyingi za mwili zina kazi moja na muda maalumu wa kuishi. Seli shina hutofautiana nazo. Hugawanyika na kuzaa seli za aina nyingine, huku zikijizalisha zenyewe kwa muda mrefu. Zile zilizo katika uboho wa mifupa ndizo huupa mwili damu mpya kila siku.

Hatari huzuka mgawanyiko huo unapokosa breki. Mnamo 1994, wanasayansi wakiongozwa na John Dick mjini Toronto, Canada, walipandikiza katika panya seli za wagonjwa wa aina moja kali ya saratani ya damu. Takriban seli moja tu kati ya 250,000 ndiyo iliyoweza kuuanzisha ugonjwa upya, nayo ilikuwa na sifa za seli shina.

Ingawa si kila saratani huthibitika kufuata mkondo huo, utafiti huo husaidia kueleza kwa nini dawa huweza kuuyeyusha uvimbe, kisha maradhi yakarejea. Matawi hukatwa, mzizi ukasalia.

Nchini Japani, Shinya Yamanaka alitangaza mwaka 2006 kwamba jeni nne zatosha kuzigeuza seli za kawaida za panya ziwe na uwezo wa seli shina. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 2012. Hata hivyo, moja ya jeni hizo, c-Myc, hujulikana kwa kuchochea saratani. Mwaka 2007, kundi lake lilieleza kuwa takriban asilimia 20 ya vizazi vya panya vilivyotokana na seli hizo vilipata uvimbe.

Binadamu hawajasazwa. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2009 ilieleza kisa cha mvulana wa Israeli aliyedungwa seli za vijusi jijini Moscow kuanzia 2001. Miaka minne baadaye, alipatikana na uvimbe kwenye ubongo na uti wa mgongo. Vipimo vya jeni vilionyesha kuwa uvimbe huo ulitokana na seli za watu wengine, wala si zake.

Haya hayabatilishi tiba yenyewe. Upandikizaji wa uboho umeokoa maisha ya wagonjwa wengi wa saratani ya damu kwa miongo kadhaa. Tofauti ni kwamba tiba hiyo ilijaribiwa, ikapimwa na matokeo yake kuanikwa hadharani.

Familia inayouza shamba au kuitisha mchango ili kumpeleka mgonjwa ng'ambo haina budi kuuliza mapema: seli hizi zimetoka wapi, majaribio yake yamesajiliwa wapi, na ni nani atakayemfuatilia mgonjwa miaka mitano baadaye? Kliniki isiyo na majibu haistahili kupewa hata senti.