Mbegu za Ulaya na Vitunguu Vikubwa

Bwana Mhariri amenipa nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili, nami nataka kuitumia kuungama kosa langu, na kuwaomba wanafunzi wa zamani wenzangu wanaokaa ng'ambo wasilirudie. Kosa lenyewe ni la vitunguu. Najua wengine watacheka, lakini vitunguu vile vilikuwa karo ya mdogo wangu.

Mwezi wa Septemba, 2023, nikiwa Uingereza, nilisoma gazetini habari za kitunguu kilichopimwa katika maonyesho ya Harrogate, kaskazini ya nchi ile. Bwana Gareth Griffin wa kisiwa cha Guernsey alikuwa amekilima mpaka kikafika kilo 8.97, nacho kikavunja rekodi ya dunia. Rekodi ya zamani, kilo 8 na nusu hivi, ilikuwa imesimama tangu mwaka 2014. Kilo 8.97! Huo ni uzito wa mtoto wa miezi tisa.

Papo hapo nikamfikiria mama. Nyumbani kwetu ni karibu na mji wa Kasese, chini ya milima ya Ruwenzori, na nyuma ya jiko mama ana bustani ya matuta manane. Hulima humo vitunguu vyekundu vya Bombay Red na kuviuza sokoni kwa mafungu. Kwa macho yangu ya msomi vilikuwa vitunguu vya aibu. Basi nikanunua pakiti za Kelsae na Ailsa Craig, mbegu zinazosifiwa sana na watu wa maonyesho, nikampa mtu aliyekuwa akirudi nyumbani. (Wala sikuuliza kama sheria ya mbegu yaruhusu mtu kuzipitisha mfukoni. Hilo ni kosa la pili.) Kisha nikapiga simu: Mama, msimu huu acha vile vidogo, panda hivi katika matuta yote.

Akaniuliza, "Mwanangu, una hakika?"

Nikasema ninayo. Hakuuliza tena. Mzazi aliyeuza mbuzi ili mtoto asome huona haya kumpinga mtoto yule akisema jambo la kitabuni, na sisi twaijua haya hiyo, tena mara nyingine twaitumia vibaya.

Mbegu alizisia kitaluni Januari, 2024, zikaota vizuri. Alipopandikiza miche, ikashika yote. Muda si muda majani yakawa mazuri ajabu, marefu, ya kijani kizito, hata majirani wakaja kutazama. Mwezi wa nne majani. Mwezi wa tano majani. Chini hapakuwa na kitu ila shingo nene. Mama akaongeza samadi, na majani yakaongezeka. Mwezi wa sita alianza kuyakata na kuyauza kama mboga kwa bei ya kutupa, na karo ya mdogo wangu ikakopwa. Jirani mmoja akasema kwamba mama siku hizi amekuwa mvivu wa kupalilia. Neno hili liliniuma kuliko deni, maana mama hakuwa na kosa lo lote.

Sasa nieleze sababu, ambayo ningeweza kuijua bila kuvuka bahari. Kidato cha pili, hapa hapa shuleni, tulifundishwa kwamba penye Ikweta mchana na usiku hulingana mwaka mzima. Nilichora dunia na jua kwa rula, nikapata alama 9 katika 10. Ikweta yenyewe yapita katika wilaya yetu, na watalii husimama kando ya barabara wapigwe picha kwenye alama yake. Kwetu jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kutua karibu saa moja jioni, Juni sawa na Desemba. Yote haya niliyajua, na sikuyahusisha hata siku moja na bustani ya mama.

Mimea mingi hupima urefu wa mchana na usiku. Mwaka 1920 wataalamu wawili wa Marekani, Garner na Allard, walitangaza habari za tumbaku iitwayo Maryland Mammoth. Tumbaku hii ilikataa kutoa maua katika majira ya joto, ikazidi kurefuka tu na kutoa majani. Walipoitia gizani kwa sehemu ya mchana, ili siku iwe fupi kwake, ikatoa maua. Kitunguu nacho kina tabia ya namna hiyo, ila kwake jambo linalongojwa si maua, ni kujaa chini. Kikipata mchana wa urefu unaokifaa, huacha kutoa majani mapya na kuanza kuweka akiba katika vitako vya majani yaliyopo. Aina za kaskazini ya Ulaya hutaka mchana wa saa 14 hadi 16. Uingereza mwezi wa Juni mchana hupita saa 16. Kasese ni saa 12 na dakika chache, leo, kesho na mwaka ujao. Kelsae za mama zilikuwa zikingoja siku isiyofika kwetu kamwe, na samadi yote ya wilaya isingeileta.

Nilipowaeleza rafiki zangu habari hii, mmoja alisema, "Basi tutosheke na vidogo vyetu." Hapo sikubaliani naye. Ziko aina zinazoridhika na saa 12 au pungufu: Red Creole, Texas Grano, Granex. Hiyo Granex ndiyo jamii inayolimwa Georgia, Marekani, kwa vitunguu vile vitamu vya Vidalia. Texas Grano na Granex hutoa vitunguu vikubwa kweli, ijapokuwa havitafika kilo 8. Mama alipanda Texas Grano Septemba ya mwaka ule ule katika tuta moja tu. Safari hii mbegu ilitoka duka la pembejeo mjini, nami nilinyamaza.

Kinachotakiwa kwanza ni kufahamu kwamba kitunguu ni majani. Kikate katikati utazame: kila tabaka ni kitako cha jani moja. Jani likiwa pana na lenye afya, tabaka lake huwa nene. Jani likiliwa au likiungua, tabaka hukonda. Kwa hiyo ukubwa wa kitunguu huamuliwa kabla kitunguu hakijaonekana, wakati mtu bado anaona majani tu na kudhani ana nafasi ya kuzembea. Kwetu jambo hili lina ukali zaidi. Mkulima wa Georgia hupandikiza wakati siku ni fupi, na mmea wake hupata miezi kadhaa ya kujenga majani kabla mchana haujarefuka. Kwetu kengele imekwisha kulia tangu siku ya kwanza. Mche ukidumaa katika majuma ya mwanzo, hufanya kitunguu kidogo kwa majani machache uliyo nayo, nao hauna majira mengine ya kungojea.

Ndiyo maana nasema nusu ya kazi i kitaluni. Mbegu ya kitunguu huzeeka upesi; ya mwaka juzi usiitegemee. Isiwe imebanana, la sivyo miche itakuwa kama nywele. Baada ya majuma sita hadi nane, mche ukiwa na unene wa kalamu ya risasi hivi, upandikize, wala usiuzike sana, maana kitunguu hupenda kukaa juu ya udongo. Watu wengi hupanda kwa nafasi ya sentimita 10 kati ya mche na mche. Atakaye vikubwa na aache 20 au 25, na huo ndio mtihani wa moyo, kwa sababu tuta huonekana tupu na mkono huwasha kuongeza miche. Samadi iliyooza vizuri itangulie kutiwa, majuma kadhaa kabla. Mbolea ya kukuzia, kama yurea kidogo, itiwe mapema, mara mbili, kisha ikome mara shingo inapoanza kuvimba chini. Ukiendelea kutia utapata shingo nene isiyokauka, na kitunguu kitaoza kwa kupitia hapo.

Juu ya palizi sina haja ya kusema mengi. Jani la kitunguu ni jembamba, halitoi kivuli, na magugu hulishinda bila taabu. Mizizi nayo ni mifupi na iko juu juu, basi palilia kwa mkono karibu na mche, na maji yawe kidogo kidogo lakini bila kukosa. Tazama pia makutano ya majani, ndani kabisa: humo hujificha wadudu wadogo wa manjano wanaofyonza jani mpaka likawa na mabaka ya rangi ya fedha. Kila jani wanalolifyonza ni tabaka linalokonda. Majani yakianza kulala yenyewe, acha kumwagilia.

Tuta lile la mama lilitoa vitunguu ambavyo kijiji chetu hakikuwa kimeviona. Kikubwa kuliko vyote kilikaribia nusu kilo. Nilifurahi, nikadhani sasa atapanda matuta yote manane. Alikataa, na sababu zake nilizisikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kumsikiliza mwalimu ye yote.

Kwanza, vile vikubwa vina maji mengi na havikai. Baada ya mwezi mmoja na nusu vilikuwa vimeanza kulainika, wakati vyekundu vilivyotundikwa juu ya jiko vilikuwa bado vigumu kama mawe. Pili, sokoni mwanamke hununua fungu, vitunguu vinne au vitano, apike leo kimoja na kesho kimoja. "Nani," aliniuliza, "atanunua kitunguu cha kula siku tatu, halafu kilichobaki kikauke mezani?" Sikuwa na jibu. Jibu lilikuja na kijana auzaye rolex kwenye kituo cha mabasi. Yeye hukatakata vitunguu tangu alfajiri, na kumenya kimoja kikubwa ni upesi kuliko kumenya vinne vidogo. Alivinunua vyote vilivyobaki, akaagiza vingine.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Mwanafunzi mwenye bustani nyumbani na alime tuta moja la vitunguu vikubwa, kwa mnunuzi anayejulikana au kwa furaha ya kuona mkono wake unafika wapi, na furaha hiyo siidharau. Matuta mengine yabaki ya vile vinavyokaa. Na kama shule itafanya mashindano ya vitunguu, ningependa vipimwe 10 vya mstari mmoja kwa pamoja, si kimoja kilichobahatika kuwa mwisho wa tuta penye nafasi na maji.

Nanyi mliopo London, Toronto au Dubai, kabla ya kutuma pakiti yenye picha nzuri, someni kama imeandikwa ni mbegu ya siku ndefu au ya siku fupi. Isipoandikwa, msiitume. Tena aliye nyumbani aulizwe kwanza anamwuzia nani, na ana maji kiasi gani. Mimi sikuuliza. Deni la karo nililipa mwenyewe, kama ilivyostahili, na jirani yule nilimwendea likizo iliyopita nikamweleza habari za mchana na Ikweta mpaka akachoka. Sijui kama aliamini, ila alikubali kwamba palizi haikuwa na kosa.

Mwaka huu nilimwuliza mama nimletee nini. Amekataa mbegu ya namna yo yote. Anataka mpira wa maji wa mita 30, uliotengenezwa imara, usiojikunja.