Kuficha Bastola Si Kuifunga

Wasee, leo hakuna vichekesho. Wale mlikuja kwa vituko vya matatu ya Skuta, ngojeni kesho.

Anko wangu anaishi Ruring'u. Anauza simiti na mabati. Kuna jioni alivamiwa kwa geti yake mwenyewe akiwa na mauzo ya siku nzima, na tangu hapo hakulala vizuri tena. Akaomba leseni ya silaha, akazungushwa, akapewa. Akanunua bastola. Mimi simlaumu. Ukishawahi kulazwa kifudifudi kwenye kokoto za kwako, na watoto wanaangalia kwa dirisha, huwezi kuambiwa na mtu wa simu kama mimi vile unafaa kuogopa.

Shida yangu ni vile aliiweka.

Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nilikaa kwake miezi kadhaa. Jumapili moja niliachwa na watoto, mmoja wa miaka tisa na mwingine sita. Yule wa sita akanishika mkono: "Kuja nikuonyeshe kitu ya dadi." Akaingia chumba cha wazazi, akavuta droo ya chini ya kabati akaifanya ngazi, akapanda ya pili, akapitisha mkono nyuma ya sanduku la safari. Akatoa sweta imekunjwa. Ilikuwa nzito, hata shingo yake ilionyesha. Nilimpokonya kabla hajaikunjua.

Jioni nilimwambia anko. Kwanza alinyamaza. Halafu akasema vile wazee wetu husema: "Wewe hata chuo hukumaliza, sasa unanifundisha nyumba yangu?" Nikameza. Nikamuuliza kama ilikuwa na risasi. "Bastola bila risasi ni nyundo ya bei ghali," akasema. "Mwizi akivunja mlango hatangoja nitafute ufunguo."

Shosho alikuwa ameketi hapo na chai yake. Yeye alikuwa mtoto wakati wa Imajensi. Alisema tu kwamba siku zile kupatikana na risasi moja nyumbani kulitosha kukunyongesha. Si hadithi: Kimathi mwenyewe alihukumiwa hapa Nyeri mwaka 1956 kwa kupatikana na bastola na risasi, akanyongwa Kamiti Februari 1957. Kwa shosho, hiyo kitu haijawahi kuwa kifaa cha nyumbani kama pasi.

Lakini hoja ya anko si ya kijinga, na hapo ndipo watu wengi hukwama. Anataka kuifikia haraka. Sawa. Swali ni nani mwingine anaifikia haraka. Kwa ile kabati, mtoto wa miaka sita alihitaji droo mbili. Anko mwenyewe, usiku, angehitaji kuamka, kuwasha taa, kusogeza sanduku, kukunjua sweta. Mtoto alikuwa na kasi kumliko!

Na usiniambie wako hajui iko wapi. Mwaka 2006 watafiti huko Alabama, Marekani, waliuliza wazazi wenye bunduki, halafu wakauliza watoto wao kando. Kati ya wazazi waliosema mtoto hajui silaha inawekwa wapi, asilimia 39 walipingwa na watoto wenyewe. Na mwaka 2001, huko Atlanta, waliacha bastola halisi isiyo na risasi kwenye droo ya chumba, wakaingiza makundi 29 ya wavulana wa miaka 8 hadi 12. Makundi 21 yaliipata. Katika makundi 10, kuna kijana alivuta kifyatulio. Karibu nusu ya walioiona walidhani ni ya kuchezea au hawakuwa na hakika.

Dawa yenyewe si kubwa. Kuna visanduku vya chuma, ukubwa wa Biblia ya familia, vinavyofunguka kwa namba au alama ya kidole. Kifungwe kwa bolti ukutani karibu na kitanda, la sivyo mwizi atakibeba kwapani na kila kitu ndani. Mkono ukizoea, unakifungua gizani kwa sekunde chache. Fanya mazoezi bastola ikiwa tupu. Mtu wa simiti kama anko achague namba, vidole vyake havisomeki. Betri zibadilishwe kabla zife. Ule ufunguo wa dharura usirudi juu ya kabati, tafadhali. Ukisafiri, toa risasi uzifungie mahali pengine. Na mchana bastola iko mwilini mwako ama iko kwa kisanduku. Hakuna "wacha niiweke hapa kidogo nioge."

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inasema hivyo pia: mwenye silaha lazima aiweke salama wakati wote.

Sasa kitu ambacho sikumwambia anko. Kwa ile nyumba, wale wadogo hawakuwa peke yao waliojua iko wapi. Baada ya hiyo Jumapili mimi pia nilijua. Nilikuwa nimeacha chuo, wenzangu wanaposti majoho, mimi nahesabu dari. Kulikuwa na usiku kama tatu hivi nililala macho wazi nikifikiria ile kabati. Sikuinuka. Giza la aina hiyo hupita, nalo lilipita, lakini ningependa sana wakati huo kuwe na kufuli katikati yetu. Wazazi wanafikiria watoto wachanga tu. Fikirieni pia yule mkubwa aliyenyamaza. Na kama ni wewe, piga 1199 ya Msalaba Mwekundu, ni bure, ama gonga mlango wa mtu usiku huo huo. Mimi niligonga wa shosho.

Anko alinunua kisanduku mwezi uliofuata. Hakuniambia, nilikiona tu kimefungwa ukutani. Juzi nilipoenda kuwasalimia, yule mdogo alinivuta pembeni.

"Nilijaribu siku yangu ya kuzaliwa, ikakataa. Ya mami pia. Kesho najaribu ya shosho."

Nikaenda kumuuliza anko ametumia namba gani. Aliniangalia, akaweka kikombe chini, akaenda chumbani kuibadilisha.